Siku Makanisa Yalipoachiana Mama Yangu

Nilirudi Mwanza na diploma ya ujenzi kutoka ng'ambo, wakati soko huria limepamba moto na kila mwenye akili anafungua kampuni. Yangu niliifungua bila kuwa na mjomba serikalini. Nyumba ya mama kule Kiseke niliijenga mimi, ya kwanza mtaani kuezekwa vigae. Kwa hiyo alipofariki niliandaa mazishi ya heshima, na viongozi wa makanisa matatu wakaja wote.

Walijivunia sana umoja wao. Zamani walinyang'anyana waumini; sasa walikuwa wamepatana kwamba hakuna atakayemgusa kondoo wa mwenzake. Hata saruji ya ukumbi wao wa pamoja niliitoa mimi.

Mama alibatizwa Mkatoliki, akaolewa kwa Walutheri, na uzeeni, mguu ulipomsumbua, akawa anasali kwa Wapentekoste waliokuwa jirani.

Jeneza liliwekwa kando ya kaburi. Hakuna aliyefungua kitabu.

"Baba padre, karibu, huyu alibatizwa kwenu," alisema mchungaji wa Kilutheri.

"Hapana, mchungaji. Ndoa alifunga kwenu. Siwezi kukuingilia."

Wakamgeukia Mpentekoste.

"Kwetu alikuwa bado mgeni," akajibu. "Hakuwahi kuzamishwa ziwani."

Walikuwa wanatabasamu, wanakaribishana kama watu mlangoni, nasi jua linatuchoma. Mama mdogo, aliyekuwa akiuza na marehemu mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani, akashindwa kuvumilia.

"Alipowaletea samaki mlimuuliza dhehebu? Leo ndiyo amekuwa wa jirani!"

Watu wakacheka, kisha wakaona aibu. Nikavua koti la suti, tukateremsha jeneza, nikashika koleo. "Pumzika, mama," nikasema kwa Kisukuma, maana sala zote nilizijua nusunusu. Kwaya tatu zilisimama kimya zikisubiri ruhusa ya viongozi wao. Mama mdogo akaanzisha wimbo peke yake.

Viongozi walipokwisha kula wali wangu, walisimama kwa zamu kunipa pole. Padre alisema siku ile imeonyesha jinsi makanisa yetu yanavyoheshimiana. Wenzake wakaitikia amina. Mchungaji wa Kilutheri akaninong'oneza kuhusu mabati ya ukumbi.

"Kamwombe mwenye kondoo," nikamjibu.

Msalaba wa kaburi niliumwaga mwenyewe, zege la viwango, bila jina la kanisa lolote. Mpaka leo hauna ufa. Ukumbi wao umebaki kuta tupu, mbuzi wanalala humo.