Kuku wa Mjane na Kaki Mpya

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, Mwingereza hana muda mrefu tangu aishike nchi, kaka yangu Masinga alipotokea kwenye njia ya Mpwapwa amevaa kaki. Mpaka leo sijui kama nilimwona au nilimwota. Ng'ombe walikuwa wakienda malishoni, kengele zao zinasikika kwa mbali, na yeye anakuja ndani ya lile vumbi polepole kama asiyekanyaga chini. Niliacha kutwanga mtama. Nilimwonea fahari, mwanangu, sikufichi.

Askari wa Mdachi, nao wa kaki, walikuwa wamekwisha kuondoka na viboko vyao. Hawa wa kina Masinga walikuwa polisi, watu wapya, walioambiwa wasimpige mtu wala kuchukua cha mtu. Kaka alilirudia hilo kwa kila aliyemwamkia, hata kwa wasiouliza.

Basi alipopita mbele ya nyumba ya mama Sechelela, mjane jirani yetu, yule mama alitoka bila kuitwa. Mkononi ana kuku, wa mwisho aliyembakia baada ya njaa. Akamkabidhi kaka, macho chini, akarudi ndani. Masinga akaingia kwetu anacheka, ati jirani amempongeza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini kijana mwenye nguo mpya atajuaje kuwa yeye ndiye ung'ongo?

Babu alimtazama kuku, kisha akaitazama kaki. Mgongoni alikuwa na makovu ambayo hatukuthubutu kuyaulizia.

"Huyo mama hakukupa wewe," alisema. "Amempa yule askari wa zamani. Mrudishie."

Masinga akaenda. Alipiga hodi, akangoja, akapiga tena. Mlango haukufunguliwa. Mama Sechelela alijibu kutoka ndani, kwa sauti ndogo, kwamba hana kingine, achukue huyo huyo aende zake. Kaka alirudi amesawijika. Nililia, maana mama yule ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, na sasa alikuwa akimwogopa.

Masinga alivua kaki, akaikunja, akajitanda shuka lake la kuchungia, akarudi kule na kuku.

"Mama, ni mimi, Masinga wako."

Mlango ukafunguka, mama akampokea kuku wake. Alikaa huko mpaka jua likapanda, na mama akampa ugali.

Ndiyo maana nakuita leo, mwanangu, wewe unayekwenda kujifunza upolisi. Serikali hubadilisha askari wake kwa amri, lakini hofu ya watu haisikii amri. Mtu akikupa kitu, mtazame usoni kwanza. Akiinamisha macho, usipokee, hata akikusihi.

Nenda na radhi zangu. Mungu akurudishe jioni mikono mitupu, na milango ya watu ikufungukie ungali umevaa kaki.