Njia ya jeneza na nyumba ya mfyatua matofali

Jua halijawa kali, lakini Swaumu Mfaume ameshalowa jasho. Anachota maji kwenye pipa, anamwagilia matofali aliyofyatua jana, kisha anarudi na koleo lake kwenye rundo la mchanga. Kanga kaifunga kiunoni, miguuni kavaa mabuti ya mpira yaliyopasuka kisigino.

"Tofali lisiponyweshwa maji linakudanganya," anasema bila kusimama. "Kwa macho zima, ukilinyanyua linakatika."

Swaumu (49) anaishi Pangani, Kibaha. Alizaliwa Kibuta, wilayani Kisarawe, akaja huku kuolewa. Mumewe alipofariki alimwachia watoto wanne na kalibu moja ya chuma ya kufyatulia matofali. Tofali la inchi sita anauza shilingi 1,300. Ukitoa saruji, mchanga na maji, kinachobaki ni cha kula, si cha kuweka.

Mwaka jana nusura apoteze hata uwanja wa kufyatulia.

Mtaa wao haukupangwa. Yalikuwa mashamba, watu wakauziana kipande kwa kipande, kila mtu akajenga alivyoweza. Ulipokuja urasimishaji, yaani kupima makazi yaliyokwisha kujengwa ili watu wapate hati, kila mwenye eneo alitakiwa kusimama mpakani na kuonyesha ardhi yake inapoishia, majirani wakishuhudia.

Siku hiyo Swaumu alikuwa Kibuta, mdogo wake amejifungua. Aliporudi alikuta mchoro umebandikwa ofisi ya mtaa ili wenye pingamizi waseme. Barabara ilipita juu ya nyumba yake.

"Niliusoma mara ya pili, nikaketi pale pale chini," anasema.

Nyuma ya nyumba hiyo ilikuwapo njia ya zamani. Wenyeji wanaiita njia ya jeneza. Desturi yao ni kwamba ukinunua shamba, unaacha nafasi ya wabeba jeneza kupita bega kwa bega hadi makaburini. Haiandikwi popote, kila mtu anaijua.

Kwenye mchoro njia hiyo haikuwapo. Jirani yake, Halidi, alikuwa ameipanda mihogo na kuionyesha kuwa yake. Majirani wengine nao walisogeza mipaka yao, huyu hatua mbili, yule tatu. Barabara ikakosa pa kupita isipokuwa kwa mjane ambaye hakuwapo.

Swaumu aliweka pingamizi. Kamati ya urasimishaji ya mtaa ikamtaka alete majirani washuhudie kwamba njia ilikuwapo. Alipita nyumba kwa nyumba. Walimpa pole, wakamkaribisha chai, lakini hakuna aliyekubali kwenda. Kumtaja Halidi kulikuwa kujitaja.

Kisha mama yake Halidi, Bi Kudra, akafariki.

Wanaume walibeba jeneza wakashika njia waliyoizoea. Walipofika kwenye mihogo wakasimama. Mzee Maulidi, mmoja wa wabebaji, aliuliza kwa sauti iliyofika mpaka uani kwa wafiwa, alikokuwa Swaumu na wanawake wenzake.

"Tumpitishe wapi mama yako, Halidi? Hapa si kiwanjani kwako?"

Halidi alimpisha mwingine kwenye jeneza, akainama na kanzu yake, akaanza kung'oa mihogo kwa mikono. Watu walisubiri. Hakuna aliyemsaidia, wala aliyemharakisha.

Baada ya hitima alikwenda mwenyewe ofisi ya mtaa, akakiri kwamba njia ilikuwapo.

"Niliona wote wanasogeza," anasema Halidi anapoulizwa. "Nikaona nikiacha mimi, atachukua mwenzangu. Sikufikiri kama kuna siku nitapita hapo nimembeba mama."

Alipokwisha kusema yeye, wengine walifuata mmoja mmoja. Mpimaji alirudi. Mchoro ulikuwa bado haujaidhinishwa, ukarekebishwa, na barabara ikapelekwa kwenye njia ya zamani. Kila mmoja alitoa kidogo ili ipanuke. Swaumu alipoteza choo cha nje na mpapai.

"Choo nitachimba kingine," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaketi. "Simsifu Halidi. Alichukua, akarudisha. Lakini sasa nalala. Miezi yote ile nilikuwa nafyatua matofali ya nyumba za watu, yangu inasubiri greda."

Wakati anazungumza, Halidi mwenyewe anatokea na toroli ya madumu.

"Dada Swaumu, leo unahojiwa? Umeshakuwa mheshimiwa."

"Pita zako, njia si yako," anamjibu.

Halidi anacheka, anapita.

Mteja anafika, anachagua matofali, halafu anaonyesha rundo lililopangwa peke yake ukutani. Anayataka hayo, anaona yamekauka vizuri. Swaumu anatikisa kichwa.

Hayo ni ya vyumba viwili vya kupangisha, ambavyo alikuwa akivipanga tangu mumewe yu hai. Mtu haongezi chumba kwenye nyumba inayosubiri kuvunjwa, kwa hiyo alikuwa ameacha hata kuvitaja. Sasa bikoni za mipaka zimeshasimikwa, na fundi ameahidi kuanza msingi Jumamosi.

"Chukua ya huku," anamwambia mteja. "Yale ya kwangu."