Nundu Fupi za Kamshafti

Jumamosi, tarehe 14 Desemba. Asubuhi manyunyu, mchana jua kali, tope la gereji likakaukia viatuni.

Naandika leo leo, nisije baadaye nikajidanganya kwamba haikuwa hivi.

Wiki tatu zilizopita mwalimu mmoja, mama anayekwenda Nzega kila Ijumaa kumwona mzazi wake, aliniletea gari lake dogo la petroli. Mjini linakwenda vizuri, alisema, ila barabara kuu ukikanyaga mafuta linalia tu, halitoki. Zamani alikuwa akilipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Cheyo, hapa hapa Tabora. Huyo ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Akija kwangu hukamata kuku bila kuomba: "Babu zenu walipita kwetu na mizigo ya pembe, wakatumalizia mihogo. Nadai changu!" Nami namwita mwizi mbele ya watu, tunacheka.

Nikafungua kifuniko cha injini. Kamshafti, kile chuma kirefu kinachozunguka juu na kuzisukuma valvu zifunguke, ilikuwa na nundu zisizolingana: katika kila tatu, ya katikati ndefu, za pembeni fupi. Mimi nimezoea injini ambazo nundu zote ni sawa. Nikaona zimelika. Nikasema kwa sauti, mafundi wote wapo: "Yule mtani wangu kalinywesha hili gari mafuta ya chipsi!"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliniita pembeni. "Fundi, unatania au kweli?"

"Kweli, mwalimu."

Tangu siku hiyo hakurudi Cheyo, na walimu wenzake wawili nao wakahama huko.

Niliagiza kamshafti iliyotumika kutoka Dar. Ilipofika juma hili, nundu zake zilikuwa vilevile. Nikampigia muuzaji, nikafoka: "Umeniletea iliyolika!"

"Fundi, hiyo imezaliwa hivyo," akasema huku anacheka. "Huko Tabora hamjaziona?"

Akanieleza, nami nikahakikisha kwa mikono yangu. Injini ikizunguka taratibu, nundu fupi ndizo zinafanya kazi. Valvu zinafunguka kidogo, pumzi inaingia kidogo, petroli haipotei bure. Kila nundu inasukuma mkono wake mdogo wa chuma; nundu ndefu inausukuma ule wa katikati, lakini mkono huo peke yake haugusi valvu. Injini ikikimbia, kompyuta inafungulia oili, presha ya oili inasukuma pini ndogo, na mikono mitatu inafungwa kuwa mmoja. Hapo yote inafuata nundu ndefu, valvu zinafunguka sana. Ni kama mpagazi: akitembea anapumulia puani, akikimbia anafungua kinywa.

Kumbe kilichoziba ni chujio dogo kwenye njia ya ile oili, lilijaa tope jeusi. Nikalisafisha, nikabadilisha oili, gari likapona na kamshafti yake ileile. Kwa haki, sijui tope lile niliweke kwa nani. Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba alipitisha muda wa kubadili oili. Huenda mtani naye hakumkumbusha. Sijui, na sitasema.

Leo mwalimu alipita gerejini, amerudi kutoka Nzega, anafurahi. "Kumbe kweli kamshafti ilikuwa imelika!"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mbele ya mafundi walewale, nikamwonyesha ile ya Dar bado imo kwenye gunia, nikasema mtani hakuharibu kitu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kisha nikachukua jogoo nyumbani, nikaenda Cheyo.

"Aa, mtani!" akasema, ametoka chini ya gari. "Leo deni limejileta lenyewe!"

Nikamweleza yote. Akawa anajifuta mikono, taratibu, kidole kwa kidole. "Si ulikuwa utani tu?"

Alinifungulia mlango wa kutokea. Nami, naona haya kuandika, nilinyamaza. Nilitaka kupita. Nilinyamaza hadi akaanza kutabasamu.

"Hapana," nikasema. "Siku ile sikutania."

Tabasamu likaisha. "Haya. Asante kwa kuja."

Nikamnyooshea jogoo.

"Rudi naye."

Miaka yote hii hajawahi kuacha kuku wangu.

Mke wangu aliponiona naingia na jogoo kwapani aliuliza, "Hujamkuta?"

"Nimemkuta."

Jogoo tukamrudisha bandani. Tumekula ugali na mlenda wa karanga.