Aliyejibu Benchi la Nyuma

Watu walimwita Padri Saa, na hakuchukia. Kwa miaka thelathini na moja, ukiacha miezi miwili aliyolazwa hospitali, alipiga kengele ya misa saa kumi na mbili kamili asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, na majirani walibandika chai kwa kengele hiyo. Kanisa lake lilikuwa la Kianglikana, ila la wale wa ubani, mishumaa sita na maungamo. Waanglikana wenzao wa upande wa pili wa mji waliwatania kuwa ni Wakatoliki waliosahau kumwarifu Papa. Padri Saa alicheka nao. Kuhusu misa yake ya kila siku tu ndipo hakutaka mzaha.

Misa hiyo ilikuwa na sharti moja: padri haiadhimishi peke yake, lazima awepo mtu wa kumjibu, japo mmoja. Jumapili kanisa lilijaa. Siku za kazi watu wana kazi, na aliyebaki alikuwa fundi cherehani mmoja, mama aliyeshona karibu kasula zote za kanisa, yale majoho ya misa, na kuzitia viraka zilipochakaa. Alikaa benchi la nyuma kabisa. Padri alisali kwa desturi ya zamani, uso kwenye altare na mgongo kwa watu, hivyo alimjua zaidi kwa sauti. "Bwana awe nanyi," angesema, na sauti kavu ingejibu kutoka nyuma, "Awe pia na roho yako." Akigeuka kuwaalika watu wapokee, mama yule hakusogea. Padri hakumuuliza, maana mambo ya mtu na meza ya Bwana hayaulizwi njiani.

Jumatatu moja alirudi kutoka misa akamkuta dada yake mkubwa, mjane aliyemtunzia nyumba, amesimama mlangoni bila viatu.

"Fundi amefariki," dada akasema. "Jana jioni, kwa binti yake. Wameleta habari sasa hivi."

"Haiwezekani. Mbona asubuhi hii amenijibu?"

"Basi sijui umejibiwa na nani, maana binti yake ndiye aliyemfumba macho."

Padri alikaa mpaka chai ikapoa. Alijiambia kwamba mazoea yana taabu, na masikio ya mzee husikia yanachotaka.

Walimzika Jumanne, na misa ya siku hiyo ikawa ya mazishi, kanisa limejaa. Jumatano alivaa kasula na kuwasha mishumaa kwa mkono mzito. Aliamua aanze tu, afike pale pa kujibiwa; pakiwa kimya afunge kitabu, na miaka yake thelathini na moja iwe imekatika.

"Bwana awe nanyi."

"Awe pia na roho yako."

Nywele zilimsimama. Hakugeuka. Ila ukweli usemwe, hata kama ni padri: ndani ya hofu ile alifurahi. Misa iliendelea, na ulipofika wakati wa kugeuka aliinamisha macho sakafuni ili asione.

Ikawa hivyo kwa siku tisa. Siku ya kumi dada yake, aliyechoka kumwona akikonda na kushtuka mlango unapogongwa, alijikokota na magoti yake mabovu akaketi benchi la mbele. Misa ilipokwisha alimfuata sakristia, chumba cha kuvalia mavazi ya misa.

"Nimemsikia," akasema. "Nyuma yangu. Sikugeuka, mimi si mwehu. Wewe ulimfanya nini huyu mama?"

"Mimi?"

"Aliyemaliza yake huenda zake. Huyu anasubiri kitu. Na miaka yote sikumwona akipokea, nikadhani ndivyo mlivyopatana."

Padri alishika meza. Walikuwa wamepatana kweli, na yeye ndiye aliyesahau. Miaka ishirini na sita nyuma fundi alikuja kuungama. Dhambi yenyewe haiandikwi hapa, kwani siri ya maungamo haizikwi na mtu ikaisha. Lakini kitubio alichompa kilikuwa kikali, cha kijana ambaye bado hajajua uzito wa kukosea: akae benchi la nyuma, asiikaribie meza, "mpaka nikuite mwenyewe." Alikusudia wiki mbili. Wiki ileile alipelekwa hospitali kupasuliwa tumbo, akalala huko miezi miwili, na aliporudi hakukumbuka chochote. Fundi alikumbuka. Hakumkumbusha padri, maana aliambiwa asubiri aitwe, na ahadi ni deni. Alimshonea kasula na kusubiri.

"Ulimfanya nini?" dada akauliza tena, sasa kwa sauti ya chini.

"Siwezi kusema, dada."

Dada alimtazama sana. "Basi usiseme. Fanya."

Jambo la kufanya lilikuwa dogo, neno moja tu. Lakini Padri Saa alijua kwamba fundi akiitwa ataondoka, na akiondoka hakuna mwingine wa kujibu. Magoti ya dada yalikuwa yamekwisha, na waumini wengine alikwisha kuwabembeleza miaka mingi bila mafanikio. Kesho yake alighairi. Siku ya pili akasema kesho. Usiku ule aibu ilimchoma asilale: mwanzo alimfungia mama wa watu kwa kusahau, na sasa anamfungia kwa kujua.

Asubuhi iliyofuata alibariki mkate, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akatazama. Benchi lilikuwa tupu.

"Mama," akasema, "nilikukosea. Njoo."

Benchi likalia kama linavyolia mtu anapoinuka, na ndala zikaanza kuja polepole, ya kushoto ikiburutwa, kama fundi alivyouburuta mguu uliokanyaga cherehani maisha yake yote. Zilipita benchi moja baada ya jingine. Padri alitaka kukimbia, lakini hakuondoka altareni. Zilisimama mbele yake. Akanyoosha mkono wenye hostia.

"Mwili wa Bwana."

"Amina," sauti ikajibu, karibu mno, na harufu ya mafuta ya cherehani ikamfika puani. Hostia ilibaki vidoleni mwake. Aliila kwa niaba yake, akilia.

Kesho yake alipiga kengele saa kumi na mbili kamili. "Bwana awe nanyi," akasema, akangoja. Nje baiskeli ilipita. Akasema tena, akangoja mpaka akawa na hakika. Basi akafunga kitabu, akazima mishumaa sita, akavua kasula na kuikunja kwa kufuata mshono. Akaenda kuketi benchi la nyuma, pale ubao ulipolika kwa kukaliwa miaka ishirini na sita. Kutoka pale altare ilikuwa mbali sana.