Kilio Changu Kwenye Simu ya Mama Happy

Simu ya Mama Happy niliitumbukiza mwenyewe kwenye sufuria lake la uji, siku ya gulio hapa Nyakahura, mbele ya wateja wake, na anayesema iliteleza ananitetea bure. Nilikuwa nimesimama kwa wauza nyanya nachagua, nikasikia mwanamke analia kwa sauti ya mtu aliyefiwa, nikageuka nijue ni nani, kumbe ni mimi. Nalia ndani ya simu. Wamenitilia na muziki, sauti yangu ikipanda na ngoma inapanda, na watu wameinama na vikombe vyao wanacheka mpaka uji unawamwagikia. Mama Happy akaniona, akasema, "Njoo ujione, Mama Doto, siku hizi umekuwa msanii." Nikaja. Nikajiona. Kisha nikaichukua simu taratibu, kama mtu anayetaka kuangalia vizuri, nikaiweka mle.

Najua ni aibu, mtu mzima wa kidato cha nne (nilimaliza, cheti kipo) kupika simu hadharani. Lakini aibu yenyewe ilianzia kwenye ubao, na ubao niliukata mimi.

Nilizaa mapacha, Kulwa na Doto, wasichana, wamefanana kiasi kwamba hata mimi niliwatambua kwa kovu la Kulwa la kidevuni, alipoangukia kigoda. Masika yaliyopita homa ilimchukua Kulwa. Sasa, kwa watu wa nyumba yetu (baba mkwe ndiye aliyehamia huku na ng'ombe zake kutoka Shinyanga) pacha haliliwi. Ukimlilia aliyekwenda, unamwita aliyebaki amfuate. Basi nilimzika mtoto wangu macho makavu, mama mkwe kanibana mkono kila nilipotaka kufungua mdomo, mume wangu anaangalia chini. Na watu walioniita Mama Kulwa siku zote wakahamia Mama Doto, bila hata kuniuliza.

Yakaja mahafali ya chekechea. Mwalimu akataka kila mzazi atengeneze kitu cha kuchezea ambacho mtoto atakionyesha mbele ya wageni. Wenzangu wakashona mipira ya matambara, mimi nikajifanya fundi. Shemeji Masanja, mdogo wa mume wangu, alirudi kutoka Mwanza na mashine ya leza, ndogo tu, inakaa juu ya meza sebuleni, ameiunganisha na kompyuta, inachoma picha kwenye mbao kwa mwanga halafu inazikata kama kisu. Anatengenezea watu vibao vya majina na saa za harusi. Alishanifundisha kuitumia, nikaamua kumchomea Doto sura yake mwenyewe kwenye plaiwudi, niikate vipande vyenye vichwa na matundu yanayoshikana, avipange mpaka ajione.

Mama mkwe akasema cha pacha hakifanywi kimoja. Hilo nalijua, magauni yalikuwa mawili, vikombe viwili, na mpaka leo Doto akipewa andazi, lingine linapelekwa kule kwenye migomba alikolala mwenzake. Nikapanga sura mbili kwenye ubao mmoja, Kulwa kushoto, Doto kulia, picha za siku moja, magauni sare, ukuta uleule, ila Kulwa kainamisha kichwa kidogo. Mistari ya kukatia nikaichora upande mmoja tu, nikainakili upande wa pili, kwa sababu kuchora upya ni kazi na nilikuwa na maharage jikoni. Masanja akaniambia, "Shemeji, mistari ikiwa ileile vipande vitaingiliana. Mchoree kila mmoja ya kwake." Nikamjibu kwamba mapacha sikuzaa jana. Jibu zuri kabisa. Nalikumbuka kila siku.

Mashine ikafanya kazi yake, sebule ikajaa moshi, mama mkwe anakohoa mlangoni na kuuliza kama siku hizi mkaa unachomewa ndani. Nikaubeba ubao nje upate hewa, nikasahau kwamba umeshakatwa wote, si ubao tena. Vipande vikamwagika uani kama mahindi, kuku wakaja mbio. Nikaviokota, na kuvigawa nikaona ni rahisi: kila umbo lina pacha wake, basi hiki mfuko huu, mwenzake mfuko ule. Shavu la nani sikuangalia (na shavu lingeniambia nini, watoto walikuwa sura moja?).

Siku ya mahafali palikuwa na turubai, viti vya plastiki, mgeni rasmi na suti yake ya kijivu na soda zimepangwa mbele yake. Doto akaitwa, akapanga haraka kwenye sinia, vipande vinaingia vyote bila taabu, mimi nyuma najivuna, nawaambia majirani mashine yenyewe ni ya nyumbani kwetu. Mwalimu akaliinua watu waone. Wakaanza kucheka. Jicho moja lilikuwa juu ya lingine, pua imekatika, mdomo umeanzia hapa ukaishia kule. Kichekesho kweli, hata mimi nilitaka kucheka. Kisha nikaona kidevu. Kovu lile.

Doto naye alikuwa ameliona. Akaliwekea kidole, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Kulwa, umechelewa."

Kuinuka sikumbuki. Naambiwa nilipiga ukunga, nikapita katikati ya viti, nikaangukia meza ya mgeni rasmi, soda zote zikaishia kwenye suti, nami niko chini namwita mwanangu, Kulwa, Kulwa, kilio chote cha tangu masika. Watu waliendelea kucheka kwa sababu walidhani nalilia picha. Mama Happy alikuwa anamrekodi mwanawe anayesubiri zamu, akanigeuzia simu mimi.

Mama mkwe hakunigombeza. Jioni alikuja akachukua godoro la Doto na Doto mwenyewe, akampeleka kulala kwake, ng'ambo ya zizi. Akasema, "Umeshamwita mwenzake. Huyu akae kwangu mpaka kilio kipoe." Nikakubali, ningesemaje. Lakini kilio hakipoi. Kinachezwa kwenye kundi la wazazi, kinachezwa saluni, kinachezwa kwa vijana wa bodaboda pale barabarani, na kila kikimfikia mama mkwe anasema nimelia tena. Nikimwambia ni simu, ananiuliza sauti ni ya nani. Sauti ni yangu.

Mchana Doto huja kula kwangu, jioni anaondoka huku anageuka nyuma. Siku moja kabla ya gulio alisimama pale zizini, akaniuliza, "Mama, utanyamaza lini?" Mimi nilikuwa naosha vyombo, sijatoa hata chozi.

Kwa hiyo ule uji ulikuwa unamsubiri Mama Happy.

Vile vipande nimevipanga upya, kila mtu na sura yake, na ya Kulwa nimeipeleka kwenye migomba. Mashine sijaigusa tena wala sitaigusa, na Masanja nimemwambia alikuwa sahihi (naye alimpenda Kulwa). Nilipotoka gulioni nilikwenda moja kwa moja ofisi ya mtendaji wa kata, kabla Mama Happy hajamaliza kukausha simu yake juani. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kiti na karatasi. Akaniambia chini ya barua niandike tu Mama Doto, ndivyo ninavyojulikana. Nikaandika hivi:

"Kwa Mtendaji wa Kata. Namlalamikia mama mwenye kibanda cha uji gulioni kwa kusambaza kilio changu bila ruhusa yangu na kukitilia muziki. Simu yake niliitumbukiza mimi, sikatai, hilo nitalijibu nikiitwa. Sitaki fidia na sitaki kuombwa radhi. Naomba yeye na wote aliowatumia waitwe mbele yako, waifute video ile ukiwa unaona, na mama mkwe wangu awepo ashuhudie, ili ijulikane kwamba nimenyamaza, na mtoto wangu arudi kulala kwangu. Nililia siku moja tu.

Ni mimi, Mama Kulwa na Doto."