Kitanda Chini ya Bati Linalovuja

Juzi nilimwona mwenye nyumba akimfokea mpangaji sokoni Karatu, nikaikumbuka harufu ya mablanketi mabichi ya chumba chetu. Wakati huo Mzee Tluway, mwenye nyumba wetu, alikuwa ametupandishia kodi, tulipe au tuhame. Mama, asiyetulia tangu asubuhi, alimwita balozi wa nyumba kumi aje aamue. Wote wawili walipofika, mvua ikaanza kugonga bati; mama aliliondoa beseni la kukingia maji ya kuvuja pale kitandani, akamkaribisha Mzee Tluway aketi hapohapo. Nilidhani amesahau, nikainuka kulirudisha.

“Tulia, mwanangu,” alisema, akinishika bega.

Maji yalimdondokea mzee utosini. Balozi akatazama juu.

“Chumba hiki ndicho ulichokipandishia kodi?”

Mzee alijipangusa shingo. “Basi, ibaki ile ya zamani.”

Ndipo mama akaniachia bega.