Taa Mbili Juu ya Mnara

Usiku hauna mwezi, ziwa limejaa mitumbwi ya dagaa na kila mtumbwi una taa. Utaijuaje ile ya nchi kavu?

Shangazi aliniuliza hivyo siku niliposhuka kutoka Sumbawanga kumtembelea kule ziwani Tanganyika, likizo ya mwaka wangu wa pili chuoni. Nilikuwa na maswali yangu tu. Ule mnara wa mawe kwenye rasi ya kijiji chake ulijengwa na nani? Wajerumani, wazee walisema. Ushahidi uko wapi? Wakacheka. Taa yake ya zamani iliondolewa kabla baba yangu hajazaliwa. Mume wa shangazi ndiye aliyeanza tena kutundika taa pale, na alipofariki shangazi akaendelea. Hakuna aliyemtuma.

Chini ya rasi kuna miamba ambayo maji huifunika kidogo tu. Kwa hiyo shangazi alitundika taa mbili za sola, moja juu ya nyingine, zikiachana kimo cha mtu. Hakuna mtumbwi unaobeba taa namna hiyo. Mimi ninayebishia kila kitu nilikosa cha kubishia.

Jioni ya tatu upepo ulianza mapema. Mwana wa pekee wa shangazi alikuwa njiani na boti ya injini, akiwarudisha wachuuzi kutoka mnadani. Giza lilipoingia tu, taa ya juu ikazimika. Mawingu ya siku mbili yalikuwa yameinyima chaji. Shangazi akapanda ngazi kwenda kuizima na ya chini.

“Shangazi, unafanya nini? Mwanga ni mwanga!”

“Ndivyo mnavyofundishwa huko?”

“Afadhali moja kuliko giza. Mwanao yuko majini.”

“Namjua aliyeko majini, nilimzaa mimi. Taa moja ni mtumbwi. Ataifuata akidhani ni mwenzake anavua kwenye kina kirefu.”

“Una uhakika gani?”

Tulibishana hivyo, mimi nimeikamata ngazi, taa inawaka. Mwishowe akasema, “Lete ndoo, msomi. Ubishi utaumalizia nyumbani.”

Aliifunika taa kwa ndoo, akahesabu hadi tano, akaifunua, akahesabu tena. Hakuna mvuvi anayefunika taa yake, dagaa watamkimbia. Mikono ilipomchoka nikampokea. Tuliendelea hadi tuliposikia injini upande wa mchangani, mbali na miamba, na wachuuzi wakigombania mizigo. Shangazi akakaa chini, akaomba maji. Sijawahi kumwona mhadhiri yeyote akifikiri haraka vile.

Miaka mitatu baadaye, mwana wa shangazi, siku ya harusi yake, aliniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mama yake. Aliiona ile taa moja, akageuza boti kuifuata. Ilipofunikwa mara ya kwanza, alikuwa tayari anayasikia maji yakipasuka kwenye miamba.